Rimoti ya Hedifoni: Shule Ndogo ya Kutafuta Kasoro

Ni vichache vyombo vya umeme vinavyonunuliwa kwa wepesi na kutupwa kwa wepesi kama hedifoni ya simu ya mkononi. Siku sauti inapopotea upande mmoja, au kitufe cha kuongeza sauti kinapogoma, au simu inapoanza kujikata yenyewe katikati ya mazungumzo, mwenye hedifoni huuzungusha waya huku na huku, huipigapiga kidogo rimoti iliyoning'inia karibu na kidevu, kisha huitupa jalalani na kutamka neno moja: "Imekufa."

Neno hilo ndilo linalostahili kuchunguzwa. Chombo cha umeme hakifi. Chombo cha umeme hupatwa na kasoro. Kasoro hiyo ina mahali pake na sababu yake, nayo huacha alama zinazoweza kupimwa. Anayesema chombo kimekufa amejifungia mlango wa maswali kabla hajauliza hata moja. Anayesema kina kasoro amekwisha kuanza kufanya sayansi.

Hoja ya makala haya ni kwamba ile rimoti ndogo ya hedifoni, yenye ukubwa usiozidi punje chache za mahindi, ni miongoni mwa zana bora za kufundishia fizikia ambazo shule ya sekondari inaweza kuzipata bila gharama yoyote. Ndani yake zimo kanuni za umeme ambazo mwanafunzi huzikariri kwa ajili ya mtihani, na juu ya kanuni hizo imo taaluma nyingine ambayo ni adimu kufundishwa darasani: taaluma ya kutafuta kasoro kwa utaratibu badala ya kubahatisha.

KILICHOMO NDANI YA WAYA

Pini ya hedifoni yenye kipenyo cha milimeta 3.5 ni mjukuu wa pini kubwa ya milimeta 6.35 iliyotumiwa na waendesha mitambo ya simu tangu mwishoni mwa karne ya 19, walipokuwa wakiunganisha wasemaji kwa kuchomeka nyaya kwa mkono ubaoni. Pini ya hedifoni yenye rimoti imegawanyika sehemu nne, zilizotenganishwa na pete tatu nyembamba za plastiki. Ncha hupeleka sauti ya spika ya kushoto. Sehemu ya pili hupeleka sauti ya spika ya kulia. Sehemu mbili zilizobaki ni za waya wa ardhi, yaani njia ya pamoja ya kurudishia mkondo, na waya wa mikrofoni.

Ni sehemu ipi kati ya hizo mbili za mwisho iliyo ya ardhi, na ipi iliyo ya mikrofoni? Hapa watengenezaji hawakuafikiana. Utaratibu unaoitwa CTIA, ambao ndio uliotapakaa leo, huweka ardhi katika sehemu ya tatu na mikrofoni katika sehemu ya nne, iliyo karibu na waya. Utaratibu uitwao OMTP, uliotumika katika baadhi ya simu za zamani, huzibadilisha nafasi hizo mbili. Kwa macho, pini za aina zote mbili hufanana kama mapacha. Itaonekana hapa chini kwamba kufanana huko huwapoteza watu wengi.

Ndani ya rimoti yenyewe kuna kibao kidogo cha saketi, vitufe kimoja hadi vitatu, rezista moja au mbili, na mikrofoni. Aghalabu mikrofoni hiyo ni ya jamii iliyobuniwa mwaka 1962 na James West na Gerhard Sessler katika maabara ya Bell nchini Marekani: utando mwembamba wa plastiki uliotiwa chaji ya umeme ya kudumu hutikisika kwa sauti, na mtikisiko huo hugeuzwa kuwa mabadiliko ya volteji. Ili ifanye kazi, mikrofoni hiyo huhitaji kupewa umeme kidogo, na simu huupeleka umeme huo kupitia waya uleule unaorudisha sauti ya msemaji. Vitufe navyo hutumia waya huohuo. Kwa hiyo waya mmoja hubeba mambo matatu: chakula cha mikrofoni, sauti ya msemaji na amri za vitufe. Mwanafunzi anayejiuliza jinsi waya mmoja unavyoweza kufanya kazi tatu bila kuzichanganya amekwisha kuingia ndani ya somo.

HESABU YA VITUFE

Siri ya vitufe ni Sheria ya Ohm, ambayo Georg Ohm wa Ujerumani aliichapisha mwaka 1827. Katika simu nyingi zinazotumia programu ya Android, simu huweka volteji ndogo katika waya wa mikrofoni kupitia rezista iliyo ndani ya simu, ambayo kwa kawaida ina ukinzani wa omu 2,200. Kila kitufe kinapobonyezwa huunganisha waya wa mikrofoni na ardhi kupitia ukinzani wake maalumu: kitufe cha katikati, cha kupokelea simu au kusimamisha muziki, huunganisha moja kwa moja, yaani omu 0, cha kuongeza sauti huunganisha kupitia omu 240, na cha kupunguza sauti kupitia omu 470. Simu hupima volteji iliyobaki katika waya, na kwa kipimo hicho hutambua kitufe kilichobonyezwa.

Na ichukuliwe, kwa wepesi wa hesabu, kwamba volteji inayotoka ndani ya simu ni volti 2.2. Kitufe cha katikati kikibonyezwa, mkondo ni volti 2.2 kugawanya kwa omu 2,200, yaani miliampia 1, na volteji ya waya huanguka hadi 0. Kitufe cha kuongeza sauti kikibonyezwa, jumla ya ukinzani ni omu 2,440, mkondo ni takriban miliampia 0.90, na volteji inayobaki ni takriban volti 0.22. Kitufe cha kupunguza kikibonyezwa, jumla ni omu 2,670, mkondo ni takriban miliampia 0.82, na volteji inayobaki ni takriban volti 0.39. Kitufe chochote kisipobonyezwa, mikrofoni pekee ndiyo inayovuta mkondo. Ikivuta miliampia 0.3, volti 0.66 zitapotea katika rezista ya simu na waya utabaki na volti 1.54, mbali kabisa na vipimo vya vitufe. Katika hesabu za vitufe, mkondo mdogo wa mikrofoni umeachwa ili somo lisitatanishwe.

Maadamu hakuna rezista iliyo kamili na hakuna kitufe kisichochakaa, simu haitazamii omu 240 kamili wala omu 470 kamili. Maelezo ya ufundi ya Android huruhusu kila kitufe kuwa na eneo lake: kitufe cha katikati ni ukinzani wowote usiozidi omu 70, cha kuongeza sauti ni kati ya omu 210 na 290, cha kupunguza ni kati ya omu 360 na 680. Mikrofoni yenyewe haitakiwi kushuka chini ya omu 1,000. Kati ya maeneo hayo kuna nafasi tupu ambazo si za kitufe chochote kati ya hivi vitatu.

Hedifoni zilizotengenezwa kwa ajili ya simu za iPhone hufuata njia nyingine. Kitufe cha katikati huunganisha waya na ardhi kama kawaida, lakini vitufe vya sauti hutuma ishara kutoka katika kijisaketi kilichomo ndani ya rimoti. Ndiyo maana hedifoni ya aina hiyo ikichomekwa katika simu ya Android, mara nyingi kitufe cha katikati hutii na vile viwili vya pembeni hukaa kimya. Hapo hakuna kasoro ya kutengeneza. Kuna lugha mbili zisizoelewana.

DALILI HUDANGANYA

Mtu asiyejua hesabu hiyo akikuta kitufe cha kuongeza sauti kinapunguza sauti, atasema rimoti imechanganyikiwa. Mwenye kuijua atauliza swali lingine: ni kitu gani kinachoweza kuugeuza ukinzani wa omu 240 usomeke kama omu 470? Jibu halipo mbali. Kutu au uchafu katika mguso wa kitufe huongeza ukinzani. Kutu ikiongeza omu 200, kitufe cha kuongeza sauti kitakuwa na omu 440, na omu 440 zimo ndani ya eneo la kupunguza. Ikiongeza omu 80 tu, jumla itakuwa 320, na kitufe hakitafanya lolote, kwa kuwa kimeangukia katika nafasi tupu. Kutu ni ileile na kitufe ni kilekile. Kiasi tu kimetofautiana, na kwa sababu hiyo dalili zimekuwa mbili zisizofanana hata kidogo.

Dalili ya pili ni simu inayojipunguzia sauti, au inayosimamisha muziki, ilhali hakuna aliyegusa kitufe. Hapa ukinzani haukuongezeka, bali imezaliwa njia mpya. Jasho lililopenya ndani ya rimoti lina chumvi, na maji ya chumvi hupitisha umeme. Njia hiyo ikiwa na ukinzani wa omu 400 au 500, simu huamini kwamba kitufe cha kupunguza sauti kimebonyezwa. Ikishuka chini ya 70, simu huamini kwamba ni cha katikati. Jasho likikauka, rimoti yaweza kupona kwa muda, kisha kuugua tena siku ya joto.

Dalili ya tatu ndiyo yenye mafunzo makubwa kuliko zote. Muziki unasikika, lakini sauti ya mwimbaji imefifia kama anaimba kutoka ndani ya pipa. Sababu ya kwanza yaweza kuwa hedifoni ya CTIA imechomekwa katika simu ya OMTP, au kinyume chake. Sababu ya pili yaweza kuwa waya wa ardhi umekatika. Kwa sababu zote mbili, spika hupoteza njia nyoofu ya kurudishia mkondo na hujikuta zimeunganishwa kwa mfululizo, moja ikirudishia ndani ya nyingine. Sauti iliyo sawa pande zote mbili hujifuta, na sauti ya mwimbaji aghalabu hurekodiwa sawa pande zote mbili; kinachobaki ni tofauti ya kushoto na kulia.

Vipi basi zitenganishwe sababu hizo mbili? Kwa kubonyeza kitufe cha katikati na kuendelea kukishikilia. Ikiwa tatizo ni taratibu mbili kutopatana, kitufe huunganisha waya wa mikrofoni na ule wa ardhi, spika hupata njia ya kufika ardhi ya simu, na mwimbaji hurudi papo hapo. Ikiwa waya wa ardhi umekatika kati ya pini na rimoti, kubonyeza hakumrudishi mwimbaji, kwa sababu waya wa mikrofoni uliopo si ardhi. Jaribio hilo halihitaji mita wala chuma cha kulehemu. Linahitaji kidole kimoja na akili iliyouliza swali sahihi.

UTARATIBU WA KUTAFUTA

Fundi hodari hutambulikana kwa kuwa kila jaribio lake huipunguza nusu ya mashaka. Hatua ya kwanza, kwa hiyo, ni kujua kama kasoro iko katika simu au katika hedifoni. Hedifoni nzima ijaribiwe katika simu inayoshukiwa, na hedifoni inayoshukiwa ijaribiwe katika simu nzima. Ikiwa kasoro inaifuata hedifoni, imo katika hedifoni. Ikiwa inabaki na simu, tundu la simu lichunguzwe; mara nyingi vumbi na nyuzi za mfukoni zimejisindilia ndani na kuizuia pini isifike mwisho. Simu izimwe, na uchafu utolewe taratibu kwa kijiti cha meno cha mti, wala si kwa sindano au pini ya chuma. Na ikiwa kila hedifoni hufanya kazi na mwenziwe isipokuwa hizi mbili zinapokutana, basi lililopo ni lile la lugha kutoelewana.

Hatua ya pili ni kupima hedifoni ikiwa imechomolewa katika simu. Mita iwekwe katika kipimo cha omu. Kati ya ncha ya pini na sehemu ya ardhi mita huonyesha ukinzani wa spika ya kushoto, ambao kwa hedifoni nyingi ni karibu omu 16 au 32, na mlio mdogo husikika katika spika mita inapogusishwa. Sehemu ya pili na ardhi huonyesha spika ya kulia. Ikiwa upande mmoja hauna kipimo, waya wa upande huo umekatika au spika yenyewe imeungua. Ikiwa pande zote mbili hazina kipimo, mshukiwa wa kwanza ni waya wa ardhi, kwa maana ni nadra vitu viwili kuharibika kwa wakati mmoja kuliko kimoja wanachokitegemea wote.

Hatua ya tatu ni rimoti. Kwa hedifoni ya CTIA, waya mwekundu wa mita uguse sehemu ya nne, na mweusi uguse ya tatu. Bila kubonyeza kitufe, kipimo kizidi omu 1,000. Kila kitufe kibonyezwe kwa zamu, na kipimo kiandikwe: karibu na 0, karibu na 240, karibu na 470. Kipimo kinachoyumba kila kitufe kinapobonyezwa tena ni alama ya kutu au uchafu. Kipimo kilicho chini ya 1,000 bila kitufe kubonyezwa ni alama ya unyevu au ya kitufe kilichokwama.

Hatua ya nne ni kutafuta mahali. Mita ikiwa imeunganishwa, waya ukunjwe kidogo kidogo kuanzia kwenye pini. Pale kipimo kinaporuka ndipo penye jeraha. Sehemu tatu hujeruhiwa zaidi kuliko nyingine: pale waya unapotoka katika pini, pale unapoingia katika rimoti, na pale unapogawanyika kwenda masikio mawili. Ni sehemu ambazo waya laini hukutana na plastiki ngumu, na kila unapokunjwa hukunjwa mahali palepale mpaka shaba ikachoka.

MKONO WA KUTENGENEZA

Kasoro ikishajulikana, matengenezo huwa kazi ya mkono mtulivu. Rimoti yenye unyevu au kutu hufunguliwa kwa kisu chembamba katika mshono wa plastiki, na kibao chake husafishwa kwa spiriti safi na brashi laini, kisha huachwa kikauke kabisa kabla ya kufungwa. Kikombe kidogo cha bati kilicho chini ya kitufe kirudishwe mahali pake sawasawa, kwa kuwa ndicho kinachobonyea na kufunga saketi.

Waya uliokatika karibu na pini hukatwa sentimeta mbili au tatu juu ya jeraha, na pini mpya ya sehemu nne hulehemiwa. Pini ya sehemu tatu haifai, maana itaiua rimoti. Hapa wanafunzi wengi hukwama, kwa sababu ndani ya waya huo hakuna nyaya zilizovishwa plastiki kama walivyozoea. Kuna nyuzi nyembamba za shaba zilizopakwa rangi ngumu ya kuhami umeme na kuchanganywa na nyuzi za kitambaa za kuzitia nguvu. Risasi ya kulehemu haishiki juu ya rangi hiyo. Ni lazima kwanza iunguzwe kwa chuma chenye moto na tone la risasi, mpaka shaba ing'ae. Rangi za nyaya hutofautiana kwa watengenezaji. Nyekundu mara nyingi ni ya kulia, lakini fundi mwenye busara huipa mita neno la mwisho. Na kifuniko cha pini kitangulie kuvishwa katika waya kabla ya kulehemu. Anayekisahau hulazimika kuanza upya.

Moshi wa kulehemu haufai kuvutwa. Kazi hiyo ifanyiwe mahali penye hewa, na mikono ioshwe baadaye, kwani risasi nyingi za kulehemu zina madini ya sumu. Hedifoni isilehemiwe ikiwa imechomekwa katika simu, seuze simu iliyo katika chaji.

MANENO YA WANAOPINGA

Wapo watakaosema kwamba yote haya ni kupoteza wakati, kwa kuwa hedifoni mpya ni rahisi. Kwa hesabu ya mfuko wa mtu mmoja, siku moja, wana haki, na fundi mwenyewe hukataa kutengeneza hedifoni ya bei ya chini ambayo kazi yake ingezidi thamani yake. Lakini shule si kibanda cha fundi. Shule haihesabu faida kwa hedifoni zilizopona, bali kwa vijana waliojifunza kufikiri. Hata hedifoni iliyoshindikana kupona imefundisha, ikiwa mwanafunzi aweza kueleza kwa nini imeshindikana.

Wapo watakaosema kwamba simu haziruhusiwi mikononi mwa wanafunzi katika shule nyingi, hivyo somo hili linafungua mlango uliofungwa. Pingamizi hilo lina uzito mdogo kuliko linavyoonekana. Hedifoni ni kifaa kisicho na simu ndani yake. Betri moja au mbili za tochi, rezista ya omu 2,200 na mita vinatosha kuigiza kazi yote ya simu juu ya meza ya maabara, na mwanafunzi ataiona volteji ikipanda na kushuka kwa kila kitufe. Simu moja ya mwalimu kwa ajili ya hatua ya kwanza haivunji kanuni ya shule.

Wapo pia watakaosema kwamba chombo hiki kinapita. Ni kweli kwamba kampuni ya Apple iliondoa tundu la pini katika simu ya iPhone 7 mwaka 2016 na makampuni mengine mengi yakafuata, na kwamba hedifoni zisizo na waya zimeenea. Lakini kanuni haikuondoka pamoja na tundu. Vitufe vilivyo katika usukani wa magari mengi hutambuliwa kwa njia hiyohiyo ya rezista tofauti katika waya mmoja, na vipimajoto vingi vya mitambo husoma joto kwa kugawanya volteji vilevile. Mwenye kuielewa rimoti ya hedifoni ameelewa familia nzima.

Pingamizi zito kuliko yote halisemwi kwa sauti. Ni dhana kwamba kutengeneza ni kazi ya waliokosa nafasi ya kuendelea na masomo, na kwamba msomi huagiza kipya. Dhana hiyo imewagawa watu wawili ambao walipaswa kuwa mmoja. Mwanafunzi huandika Sheria ya Ohm bila kukosea, naye hajapata kupima kitu kilichoharibika. Fundi wa kibanda hupata jeraha la waya kwa ncha za vidole vyake, naye hakupata nafasi ya kuelezwa kwa nini omu 440 ni tofauti na omu 240. Waraka wa Elimu ya Kujitegemea, ambao Mwalimu Julius Nyerere aliutoa mwezi Machi mwaka 1967, ulionya dhidi ya elimu inayomtenga mwanafunzi na kazi za jamii yake. Onyo hilo halijapitwa na wakati kwa sababu tu jembe limeongezewa simu.

Na takataka haziendi popote kwa kutupwa machoni. Ripoti ya dunia iliyotolewa mwaka 2024 kwa ushirikiano wa mashirika ya Umoja wa Mataifa ilikadiria kwamba mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za vyombo vya umeme, na kwamba ni asilimia 22.3 tu zilizothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Hedifoni ni kitu kidogo katika lundo hilo, lakini tabia inayoitupa ndiyo ileile inayotupa redio, pasi na pampu ya maji.

YANAYOPASA KUFANYWA

Kila maabara ya fizikia iwe na sanduku la vyombo vibovu. Hedifoni zilizokataa kazi zikusanywe kutoka kwa walimu, wazazi na vibanda vya mafundi, na kila moja ipewe namba. Sanduku hilo halina bei, wala halimaliziki.

Kila kundi la wanafunzi liwe na daftari la kasoro lenye safu tano: dalili iliyoonekana, dhana ya sababu, kipimo kilichochaguliwa, matokeo, na uamuzi. Safu ya dhana ijazwe kabla ya kupima. Mwanafunzi aliyeandika dhana iliyokanushwa na mita asikatwe alama. Akatwe yule aliyebadilisha sehemu tatu kwa mkupuo, chombo kikapona, naye asijue ni ipi iliyokiponya.

Fundi wa mtaa aalikwe darasani kama mwalimu mgeni, kwa heshima na kwa malipo yake, aonyeshe namna ya kuunguza rangi ya waya na kushika chuma cha kulehemu. Naye asirudi mikono mitupu, bali wanafunzi wamwonyeshe hesabu ya vitufe. Chuma hicho kishikwe na wasichana sawa na wavulana, wala wasichana wasiachiwe kazi ya kuandika matokeo tu.

Mwisho, mtihani wa shule uwe na swali ambalo jibu lake halimo kitabuni: kisanduku kilichofungwa, chenye kasoro moja iliyofichwa na mwalimu, na mita. Mtahiniwa aeleze alipima nini kwanza na kwa nini. Kijana aliyezoea swali hilo hatasimama mbele ya pampu ya kijiji iliyogoma, au jokofu la dawa la zahanati lililozimika, akatamka kwamba limekufa. Atauliza kasoro iko upande upi, atapima, ataandika, na kuigawanya nusu ya mashaka, kisha nusu ya nusu, mpaka aifikie.